Kununua Boti ya Faiba Iliyotumika kwa Uvuvi wa Bahari Kuu

Boti ya mbao iliyozeeka huuonyesha uzee wake waziwazi: mbao zimepinda, kalafati imetoka, misumari imelia kutu. Boti ya faiba haina uungwana huo. Inaweza kukaa juani na chumvini kwa miaka 30, ikasuguliwa kwa nta asubuhi moja, na jioni ikang'aa kama iliyotoka kiwandani juzi, ilhali mbao zilizomo ndani ya ukuta wake wa nyuma zimeoza hata zinachoteka kwa kijiko. Nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini ya poliesta haziozi. Kinachooza ni kile zilichokifunika, kwa sababu boti nyingi za miaka ya nyuma zilitiwa plaiwudi kwenye ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini, plaiwudi kwenye mihimili inayolala chini ya sitaha, na plaiwudi au mbao nyepesi ya balsa katikati ya sitaha yenyewe. Maji yakipata tundu moja la skrubu ambalo halikuzibwa vizuri, huingia, hukosa pa kutokea, na huanza kazi yao polepole. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa boti ya namna hii kazi yako ni kujua vimeundwa kwa nini ndani, na hicho kilichomo ndani kimebaki katika hali gani, kabla hujatoa fedha.

Anza na safari, kisha tafuta boti

Kabla ya kwenda kutazama boti yoyote, amua utakwenda umbali gani, ukiwa na watu wangapi, na bahari ikichafuka kiasi gani utakata shauri la kurudi. Boti inayofaa kuvulia ndani ya ghuba haifai lazima kushinda kutwa mahali ambapo nchi kavu haionekani. Umbo la sehemu iliyo chini ya maji ndilo linaloamua mengi. Mwaka 1960 boti iliyosanifiwa na Ray Hunt, mwenyewe akiwa Richard Bertram, ilishinda mbio za kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka sana, na tangu hapo umbo la V yenye kina, ambalo pembe yake kwenye tezi, yaani jinsi chini ya boti inavyoinuka kutoka usawa wa bapa, hufikia nyuzi 24 hivi, limekuwa chaguo la wengi wanaokwenda bahari wazi, kwa kuwa hulipasua wimbi badala ya kulipiga kofi. Umbo hilo lina gharama zake: boti huyumba zaidi ubavuni inapokuwa imesimama, na hudai nguvu nyingi zaidi ya injini na mafuta zaidi kuliko boti yenye chini bapa. Mvuvi anayezima injini na kupeperuka juu ya mwamba saa nzima akishusha mshipi anaweza kuridhika zaidi na pembe ya nyuzi 18 au 20 kuliko yule anayekimbia masafa marefu ili kuburuta chambo.

Sitaha nayo iwe juu ya usawa wa maji, ili wimbi likimwagika ndani litoke lenyewe kwa matundu ya kutolea maji. Jambo hili hupimwa kwa urahisi boti ikiwa majini: waombe watu wawili au watatu wasimame tezini pamoja, kana kwamba wanapandisha samaki mkubwa, kisha tazama kama maji yanarudi ndani kupitia matundu hayo. Yakirudi na kuwalowesha miguu, ama boti imeongezewa uzito kuliko ilivyokusudiwa, ama imenywa maji mahali fulani, na itakubidi ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Chunguza pia kimo cha ukuta wa tezi. Boti nyingi za zamani zilikatwa sana pale injini ilipofungwa, na pasipo kisanduku imara cha kuzuia maji mbele ya mkato huo, wimbi linalokufuata nyuma huingia moja kwa moja.

Ukubwa wa tangi la mafuta ni sehemu ya umbo la safari. Kanuni ya kale ya theluthi ingali nzuri: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Ikiwa injini inakula lita 30 kwa saa na siku yako ya kawaida ina saa 6 za mwendo, utatumia lita 180, na hivyo tangi la lita 270 ndilo la chini kabisa unalopaswa kulikubali.

Boti zilizouzwa kwa mara ya kwanza katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu katikati ya 1998 huwa na kibao kinachotaja daraja la usanifu. Daraja B ni la bahari ya mbali, kwa upepo usiozidi nguvu 8 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi yasiyozidi mita 4, na daraja C ni la karibu na pwani, kwa upepo usiozidi nguvu 6 na mawimbi yasiyozidi mita 2. Kibao hicho kinasema boti ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Hakisemi lolote kuhusu hali yake leo. Boti ya zamani zaidi haitakuwa nacho, ila inaweza kuwa na namba ya utambulisho wa chombo, ambayo Marekani iliifanya kuwa ya lazima tangu Novemba 1972 na ambayo kwa kawaida huchongwa upande wa kulia wa ukuta wa tezi. Linganisha namba hiyo na ile iliyoandikwa kwenye hati, herufi kwa herufi, kwa sababu namba iliyokwaruzwa au kupakwa rangi nzito ni sababu tosha ya kuondoka bila kuendelea na mazungumzo.

Kugonga, kukanyaga na kupima

Ukaguzi wa mwili wa boti hufanyika vizuri zaidi ikiwa nchi kavu, imekauka, na ukiwa na muda wa kutosha. Beba nyundo ndogo ya plastiki au bisibisi yenye mpini mzito, tochi kali, kioo kidogo chenye mkono, na nguo usizozionea huruma. Anza na ukuta wa tezi. Gonga kwa utaratibu kuanzia pembe moja hadi nyingine, ukisikiliza. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mkali unaoirudisha nyundo mkononi. Mahali palipooza au ambapo matabaka yameachana hutoa mlio mzito uliokufa, kana kwamba unagonga gunia la mchanga. Sikio hujifunza haraka. Baada ya dakika kumi utaanza kutofautisha hata pale unapopita juu ya muhimili au ukuta wa ndani.

Kisha, ikiwa injini ni ya nje, iinue nusu, ushike mguu wake kwa chini na uelemee kwa uzito wako wa kutosha, huku mwenzako akitazama ukuta wa tezi kwa karibu. Injini inaweza kucheza kidogo kwenye vikalio vyake vya mpira, na hilo si kosa, lakini ukuta wenyewe ukipinda, au nyufa za pembeni zikifunguka na kufunga, au maji ya rangi ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti za injini, basi mbao ya ndani imekwisha. Kuibadilisha kunawezekana na mafundi wengi wanaimudu kazi hiyo, ila ni kazi ya kuishusha injini, kukata tabaka la faiba, kuchimbua uozo, kujaza upya na kufunika tena. Gharama yake inaweza kuikaribia bei ya boti yenyewe. Ukuta wa tezi uliooza si jambo la kupunguziwa bei kidogo, kwa kuwa unabadilisha hesabu yote.

Sitaha huikagua kwa visigino. Tembea polepole kila mahali, hasa mbele ya usukani, chini ya kiti cha nahodha, na kuzunguka kila kitu kilichofungwa kwa skrubu, na pale panapobonyea au kulia chini ya mguu pana maji katikati. Sitaha laini yenyewe hutengenezeka. Kinachotisha ni kile inachokidokeza, kwa maana maji yaliyooza sitaha mara nyingi yameifikia mihimili ya chini pia. Fungua kila mfuniko, ingiza kichwa na tochi, ugonge mihimili kwa urefu wake wote unaoufikia, ukitazama hasa mahali mabomba na nyaya zilipotobolewa kupita, kwa kuwa fundi wa kiwandani aliyetoboa tundu hilo bila kulipaka rezini ndiye aliyeufungulia uozo mlango. Ukiona rangi mpya imepakwa ndani ya ngama pekee, yaani pale chini kabisa panapokusanyika maji, jiulize ni nani anayepaka rangi mahali pasipoonekana na mtu, na kwa sababu gani.

Boti nyingi zilijazwa povu chini ya sitaha ili zisizame. Povu hilo likikaa ndani ya maji kwa miaka, hatimaye huyanywa, na lita 200 za maji ni uzito wa kilo 200 usiouona. Dalili zake ni boti kukaa chini tezini, kuchelewa kunyanyuka juu ya maji, na kula mafuta kupita kiasi. Njia ya kuaminika ni mizani: ikiwa boti iko kwenye trela, pima vyote viwili, toa uzito wa trela, injini, mafuta na vifaa, kisha linganisha na uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Tofauti kubwa isiyo na maelezo ni maji.

Kipima unyevu ni chombo kizuri mikononi mwa anayekijua, na cha kupotosha mikononi mwa asiyekijua. Chumvi iliyokauka juu ya ganda, rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe vya baharini visiote, tangi la chuma nyuma ya ukuta, au boti iliyotoka majini jana, vyote vinaweza kuipandisha sindano. Usikubali wala kuikataa boti kwa kipimo hicho pekee, bali kilinganishe na nyundo.

Chini ya maji unaweza kukuta malengelenge madogo kwenye tabaka la juu. Hutokea maji yanapopenya polepole na kuyeyusha masalio yaliyomo ndani ya rezini, na ukilitoboa moja hutoa majimaji yenye harufu ya siki. Wanunuzi wengi huyaogopa kuliko inavyostahili. Malengelenge machache yenye ukubwa wa sarafu ni suala la urembo na matengenezo ya wakati wa mapumziko, ila yakitapakaa kwa mamia na kuingia ndani ya nyuzi zenyewe, hapo mwite mtaalamu. Nyufa nazo zina lugha yake. Nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui kutoka nukta moja kwa kawaida huashiria kitu kilichoanguka au kugongwa hapo, na zile ndefu zinazokwenda sambamba, hasa zinapofuata mstari wa muhimili au kona ya kisanduku cha injini, huonyesha mahali panapopinda kila boti inapopiga wimbi. Zile za pili ndizo za kuogopwa.

Tangi lililozikwa

Katika boti za uvuvi za umri huu, tangi la mafuta mara nyingi ni la aluminiamu, limelazwa chini ya sitaha na kuzungukwa na povu. Aluminiamu hujikinga kwa ngozi nyembamba inayohitaji hewa. Povu lililolowa maji ya chumvi huinyima hewa hiyo, na chuma huanza kuliwa kwa vidoa vinavyochimba hadi kutoboka. Tangi lenye umri wa miaka 15 au 20 katika hali hiyo linapaswa kuhesabiwa kuwa linakaribia mwisho, na kulitoa humaanisha kuikata sitaha. Muulize muuzaji tangi lilibadilishwa lini, na umwombe stakabadhi. Fundi anaweza kulijaribu kwa shinikizo dogo sana la hewa, lisilozidi kipimo cha usalama cha tangi, akisubiri kuona kama sindano inashuka, lakini kazi hiyo mwachie mwenye ujuzi, kwa kuwa shinikizo kubwa hupasua tangi lililokuwa zima.

Mipira ya mafuta iliyokakamaa, iliyopasukapasuka au isiyo na maandishi ya daraja lake ibadilishwe bila mjadala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na cheche moja huutosha. Ukifungua mfuniko wa boti ya petroli ukapokewa na harufu ya mafuta, ukaguzi usitishwe, betri ifunguliwe, na usiruhusu mtu yeyote awashe injini mpaka chanzo kimepatikana. Boti zilizo na matangi ya zamani ya faiba zina tatizo lao: petroli iliyochanganywa na ethanoli inaweza kulainisha rezini ya tangi na kupeleka utomvu wake ndani ya injini.

Injini

Fika kabla haijawashwa. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika amekunyima habari muhimu kuliko zote, yaani jinsi inavyowaka ikiwa baridi. Iguse kwa mkono, na ikiwa tayari ni ya moto, panga siku nyingine.

Kwa injini ya nje, fungua skrubu ya chini ya mguu uachie tone la oili ya gia. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na chembe za chuma zinazometameta humaanisha gia zinasagana. Chomoa plagi zote, linganisha rangi zake, kisha upime kompresheni ya kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kutoka injini hadi injini, na linalotafutwa ni ulinganifu: silinda moja ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 hivi chini ya wenzake, pana ugonjwa. Tazama vipande vya zinki au aluminiamu vilivyofungwa ili viliwe na kutu badala ya injini. Vikiwa vimekwisha kabisa, jua kwamba mwenye boti aliacha injini yenyewe iliwe.

Pana kosa moja linalofanywa na watu waangalifu kabisa. Boti ya miaka ya 1980 ilisanifiwa kubeba injini ya mipigo miwili, nyepesi kwa wakati wake, na mmiliki wa baadaye akafunga ya mipigo minne yenye nguvu ileile ambayo huwa nzito zaidi. Injini ni nzuri, haina moshi, inakula kidogo, na kila mtu anaisifu. Lakini tezi imezama, matundu ya sitaha yako usawa wa maji, na ukuta uliokuwa umechoka umebebeshwa zaidi. Usimwache uzuri wa injini akufumbe macho kuhusu kinachoibeba.

Kwa injini ya dizeli ya ndani, soma moshi: mweusi usiokoma ni wa mzigo mkubwa au mafuta yasiyoungua vyema, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiotoweka injini ikishapata moto unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia mahali pasipo pake. Kagua kiwiko cha ekzosi pale maji ya bahari yanapochanganyika na moshi, kwa kuwa huliwa kutoka ndani na kurudisha maji kwenye silinda. Kuhusu injini ya ndani yenye mguu uliotokeza nje nyuma, kwa maoni yangu si chaguo la mtu anayeiacha boti majini mwaka mzima na kwenda mbali. Mipira inayoziba tundu la mguu huo huchakaa, na ukipasuka mmoja boti inaweza kuzama ikiwa imefungwa gatini.

Nyaya, mabomba na vali havihitaji maneno mengi. Vali zote za chini ya maji lazima zifunguke na kufunga kwa mkono. Shaba ya njano iliyogeuka kuwa ya waridi imepoteza zinki yake na huvunjika kama biskuti. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe zing'olewe. Pampu ya ngama ijaribiwe kwa kumwagia maji hadi kielea chake kiiwashe chenyewe, si kwa kubonyeza swichi tu.

Majaribio baharini na malipo

Jaribio la kuzunguka bandarini katika maji tulivu halikuambii kitu. Omba siku yenye upepo wa wastani, mbebe watu na mafuta ya kutosha, na utoke mpaka boti ipige mawimbi halisi. Fungua mafuta yote kwa muda mfupi uone kama injini inafikia mizunguko iliyopangwa na mtengenezaji; ikishindwa, ama propela haifai, ama chini ni chafu, ama boti ni nzito, ama injini imechoka. Geuza kwa nguvu pande zote mbili, rudi nyuma, kisha simama ubavu kwa wimbi kwa robo saa, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyovua. Baada ya nusu saa ya mwendo wa safari, fungua tena mifuniko yote. Ngama iliyokuwa kavu asubuhi ikawa na maji sasa itakueleza mengi kuliko muuzaji.

Andika mkataba wenye sharti kwamba malipo ya awali yatarudishwa endapo ukaguzi au jaribio la baharini litaonyesha kasoro ambazo hukuelezwa. Mkaguzi umchague mwenyewe na umlipe mwenyewe. Aliyependekezwa na muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini si wako. Hakikisha namba ya injini imo kwenye hati, na kwamba boti haijawekwa rehani kwa mkopo ambao ungali unadaiwa. Weka kando akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, na iwe kubwa: ukinunua kwa fedha zako zote, kasoro ya kwanza itakufunga gatini.

Vifaa vya usalama vinavyouzwa pamoja na boti usivihesabu kama sehemu ya thamani yake. Fataki za dharura huisha muda, maboya hunyonya maji, na kifaa cha zamani cha kuita msaada kinachotumia masafa ya megahezi 121.5 pekee hakisikilizwi tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009. Nunua cha megahezi 406, ukisajili kwa jina lako na kwa jina la boti, na ikiwa boti imekuja na cha aina hiyo, badilisha usajili wake kabla ya safari ya kwanza, la sivyo siku utakapokibonyeza waokoaji watampigia simu mmiliki wa zamani, ambaye atawajibu kwamba yuko nyumbani salama.